Demani Zikiachiwa: Misemo ya Ulevi ya Kiingereza na Kazi ya Mkalimani

Mzee aliyeketi mbele yangu alikuwa na vijiwe kwenye figo. Alizaliwa Uvira, nchini Kongo, akaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, kisha akahamia Uingereza pamoja na binti yake, na siku ile mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake katika hospitali moja ya mji ninaoishi. Muuguzi alikuwa amefika kwenye ukurasa wa fomu unaohusu mwenendo wa maisha, akauliza swali la maneno matatu tu: "Do you drink?" Nami, mtu wa Tanga niliyezoea kusikia kwamba fulani "anakunywa" na kuelewa papo hapo kinachokusudiwa, nikamgeukia mzee nikamuuliza, "Baba, unakunywaka?" Nilitumia kile kiambishi cha -ka ambacho watu wa Kongo hukipachika mwishoni mwa kitenzi wanapozungumzia mazoea, nikiamini nimefanya kazi nzuri.

"Ndiyo, mama," akajibu. "Nakunywaka sana."

Kiasi gani kwa siku? Chupa tatu, siku nyingine nne. Muuguzi akaandika. Je, kuna watu waliowahi kumkera kwa kumlaumu juu ya kunywa kwake? Ndiyo, binti yake anamlalamikia kwamba usiku anaamka mara nyingi mno. Muuguzi akaandika tena. Kisha likaja swali la mwisho, "Do you ever need an eye-opener?", nami nikalieleza kwa urefu: kuna asubuhi ambazo anahitaji kunywa kwanza, kabla ya jambo lolote, ndipo mwili utulie? Mzee akanitazama kwa uso wa mtu anayefurahi kwamba hatimaye ameulizwa jambo analolijua vizuri. "Kila asubuhi, mama. Mbele ya kula, namaliza chupa moja nzima. Munganga ndiye alisema."

Daktari ndiye aliyesema. Hapo nikaelewa kwamba kwa muda wa dakika tano tulikuwa tunazungumzia maji. Mtu mwenye vijiwe kwenye figo huambiwa anywe maji mengi, na mzee huyu alikuwa ametii kwa moyo wake wote. Nikamwomba muuguzi asimame kidogo, nikamwambia kosa ni langu, nikauliza upya kwa kutaja vitu kwa majina yake: bia, kasiksi, kanyanga. Mzee akaweka kiganja kifuani. "Pombe? Hapana, mama. Pombe niliacha tangu nilibatizwa." Muuguzi akapiga mstari juu ya yote aliyokuwa ameandika, lakini hebu fikiria kama lile neno "munganga" lisingetokea. Mzee angetoka pale na barua ya kumpeleka kliniki ya walevi, na kila daktari ambaye angemhudumia baadaye angeyaona maandishi hayo kabla ya kuuona uso wake.

Swali hilo la mwisho, pamoja na lile la kukerwa, yamo katika maswali manne yanayojulikana kwa kifupisho cha CAGE. Yalitungwa na daktari John Ewing wa Chuo Kikuu cha North Carolina, yakachapishwa mwaka 1984, na herufi ya mwisho, E, inasimama badala ya hilo "eye-opener". Mwingereza au Mmarekani akilisikia anajua kwamba ni ile bilauri ya asubuhi inayotuliza mikono inayotetemeka. Ukilitafsiri neno kwa neno unapata "kifungua macho", na sikio la Mswahili linalipeleka moja kwa moja kwenye kifungua kinywa, yaani chai na mkate. Kwa hiyo msemo wa kilevi umekaa ndani ya chombo cha kitabibu, katika swali lenye uzito kuliko yote manne, na mkalimani asiyejiandaa atamuuliza mgonjwa kama huwa anastaftahi.

Tangu siku ile nimekuwa na daftari. Ninaandika humo kila msemo wa Kiingereza unaohusu kunywa ninaoukuta katika kazi, na pembeni yake ninajaribu kuandika jinsi mtu wa kwetu angeusema. Nilichojifunza ni kwamba misemo hii ipo ili kuficha. Kila mmoja unaficha kitu chake, na kazi ya mkalimani ni kujua ni kitu gani kimefichwa kabla hajafungua mdomo.

Benjamin Franklin aliliona jambo hilo mapema sana. Mwaka 1737, katika gazeti lake la Pennsylvania Gazette lililochapishwa Philadelphia, alitoa orodha ya zaidi ya misemo 200 ya kumwelezea mtu aliyelewa. Hoja yake katika utangulizi ni kali: maovu mengine huazima majina ya wema, kama vile bahili anavyojiita mwangalifu wa mali, lakini ulevi haufanani na wema wowote, kwa hiyo hauna jina la kuazima na hulazimika kuzungukwa kwa maneno ya mbali. Katika orodha yake mlevi ni mtu anayeona miezi miwili, mtu ambaye mfalme ni binamu yake, chombo kinachokwenda na upepo wa nyuma kikiwa kimetweka kila kitambaa. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi, na kila mara ninasikia sauti za vilabuni kwetu. Nasi tunazunguka. Tunasema fulani amepiga maji, amepiga mtindi, yuko tungi, yuko bwii. Maji na mtindi ni vinywaji visivyo na hatia hata kidogo, na ndiyo maana vimechaguliwa.

Kinachofichwa mara nyingi zaidi ni kiasi. "I've had a couple" ni nimekunywa mbili, "a few" ni chache, na ukubwa wa bilauri hautajwi kamwe. Nchini Uingereza madaktari huhesabu kileo kwa vizio, kila kizio kikiwa ni mililita 10 za kileo halisi, na tangu mwaka 2016 ushauri rasmi ni kutozidi vizio 14 kwa wiki. Painti moja ya bia, yaani mililita 568, ikiwa na kileo cha asilimia 4 ina vizio zaidi kidogo ya 2. Mtu anayekunywa "a couple" kila jioni, akimaanisha painti mbili tu, anafika karibu vizio 32 kwa wiki, na kwa lugha yake mwenyewe bado ni mnywaji wa kawaida. Ninapotafsiri "chache" sasa, ninaomba ruhusa ya kuuliza ni chupa, ni glasi au ni painti.

Kuna wakati kinachofichwa ni ulevi wenyewe. George Brown, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza kati ya mwaka 1966 na 1968, alijulikana kwa unywaji wake, lakini sheria za kashfa nchini humo ni kali na gazeti halikuweza kuandika tu kwamba waziri amelewa. Jarida la kejeli la Private Eye likaueneza msemo "tired and emotional", yaani amechoka na hisia zimemzidi, na mpaka leo Mwingereza akiusoma anajua maana yake. Mgeni aliyejifunza Kiingereza darasani atamwonea huruma waziri kwa kazi nyingi. Magazeti yetu yana msemo wa kaka yake: mheshimiwa "hakuwa katika hali yake ya kawaida".

Lakini msemo ulionifundisha zaidi ni ule wa "three sheets to the wind". Ni wa zamani. Ulikuwa umeshachapishwa London mwaka 1821. Nimewahi kuuona ukitafsiriwa "shuka tatu upeponi", na mara nyingine "matanga matatu", na tafsiri zote mbili hazimpi msomaji chochote, kwa sababu "sheet" ya mabaharia si kitambaa. Ni kamba, ile iliyofungwa kwenye pembe ya chini ya tanga ili kulizuia lisipeperuke ovyo. Mabaharia wa pwani yetu wanaiita demani.

Nilipolikumbuka neno hilo nilirudi utotoni. Mjomba wangu alikuwa nahodha wa mashua Tongoni, kusini mwa Tanga, na nilipokuwa na miaka kama kumi alinipakia siku moja, akaniachia kazi ya kushika demani. Ilikuwa kamba ya usumba, ngumu, yenye nywele zinazochoma. Upepo ulipoongezeka kamba ilivutika, ikaniunguza viganja, nikaiachia. Tanga likaanza kupiga kwa kelele kama kanga kumi kwenye kamba moja ya kuanikia nguo. Omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ikageukia upepo, na mashua ikaanza kwenda mrama, mara ubavu huu, mara ubavu ule, maji yakiingia. Mjomba hakunifokea. Alinyoosha mkono, akaidaka ncha ya kamba hewani, akaivuta taratibu mpaka tanga likajaa, akasema, "Mwanangu, demani ndiyo hatamu ya chombo. Ukiiachia, chombo hakina mwenyewe."

Basi ndivyo alivyo mlevi wa msemo ule: demani zake tatu zimeachiwa zote. Kilichonigusa ni kugundua kwamba Kiswahili kilishapita njia hiyohiyo zamani. "Mrama" ni mtikisiko wa chombo baharini, na leo hii mtu wa Dodoma ambaye hajawahi kuiona bahari husema mambo yamekwenda mrama. Mlevi anayumba, kama chombo. Anapepesuka, neno ambalo ndani yake unausikia upepo. Kwa hiyo sihitaji kuazima kitu. Nikipewa msemo huo katika hadithi ninaandika kwamba alikuwa anayumba kama mashua iliyoachiwa demani, na katika chumba cha daktari ninasema tu kwamba alilewa hata kusimama hakuweza.

Bahari hiyohiyo ya Waingereza ndiyo iliyowapa neno "groggy", la kumwelezea mtu aliyeamka na kichwa kizito. Mwezi Agosti mwaka 1740 Admirali Edward Vernon, aliyeongoza manowari za Uingereza katika visiwa vya Karibi, aliona jinsi mabaharia wake walivyoharibiwa na posho yao ya kila siku ya nusu painti ya ramu kavu, akaamuru ichanganywe na kwoti nzima ya maji, yaani sehemu nne za maji kwa moja ya ramu, na igawiwe mara mbili kwa siku. Alikuwa na mazoea ya kuvaa joho la kitambaa kizito kiitwacho "grogram", na mabaharia walikuwa wamempachika jina la Old Grog. Kinywaji kikarithi jina la mzee, na aliyezidiwa nacho akawa "groggy". Posho yenyewe iliendelea kutolewa katika jeshi la majini la Uingereza mpaka tarehe 31 Julai 1970.

Ninapenda kuiweka habari hii kando ya methali yetu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa mgema, maji katika tembo ni hadaa. Wateja wamemsifu mno, naye amejisahau. Kwa Vernon, maji katika ramu yalikuwa ni huruma, ingawa mabaharia wenyewe bila shaka walimwona kama mgema aliyeharibika. Na kuna neno la tatu katika familia hii, kuzimua. Maana yake ya nyumbani ni kupunguza ukali wa kitu kwa kukitia maji, kama mama anavyoyazimua maji ya moto kwa ya baridi kabla ya kumwogesha mtoto. Walevi wakalichukua neno hilo safi, wakalitumia kwa ile bia ya asubuhi inayonywewa ili kupoza uchovu wa jana. Nairobi wanasema kutoa loki.

Waingereza kwa jambo hilohilo husema "the hair of the dog", unywele wa mbwa. Msemo kamili ni unywele wa mbwa aliyekuuma, na mwandishi Mwingereza John Heywood aliuweka katika mkusanyiko wake wa methali mwaka 1546, akimfanya mtu aombe unywele wa mbwa aliyemng'ata usiku uliopita. Chanzo chake ni imani ya kale kwamba jeraha la mbwa hupona kwa kubandikwa unywele wa mbwa yuleyule. Kimatibabu hakuna kinachopona, kwa jeraha wala kwa kichwa. Bilauri ya asubuhi huahirisha tu maumivu. Lakini kwa mkalimani hapa kazi ni nyepesi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu neno lipo, linajulikana, na lina uzito uleule wa utani. Usimpelekee mtu mzima wa pwani, mwenye udhu wake, habari za nywele za mbwa. Mwambie alikwenda kuzimua.

Msemo uliowahi kuleta madhara ambayo bado yananiuma ni "to fall off the wagon". Katika kikao kimoja cha watu wanaojitahidi kuacha pombe, mshauri, Mwingereza ambaye naye alikuwa ameacha, alifungua moyo wake mbele ya vijana watatu wa Kibembe akasema kwamba miaka kumi baada ya kuacha, "I fell off the wagon." Mkalimani wa siku ile, mwenzangu mwenye bidii, akatafsiri kwamba alianguka kutoka kwenye gari. Vijana wakampa pole kwa heshima, mmoja akauliza kama alivunjika mfupa. Yule mshauri alikuwa ametoa siri yake ngumu kuliko zote ili vijana wale wajue kwamba mtu anaweza kurudi nyuma na bado akainuka tena, na siri hiyo haikuwafikia. Ilitosha kusema: aliirudia chupa.

Gari lenyewe lilikuwa la maji. Katika miji ya Marekani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mikokoteni ilipita ikinyunyiza maji barabarani kutuliza vumbi, na aliyeapa kuacha pombe alisema amepanda gari la maji, kwamba ni heri anywe ya humo. Zilikuwa enzi za vuguvugu la kupinga kileo ambalo hatimaye lilileta marufuku ya nchi nzima, kuanzia Januari 1920 mpaka Desemba 1933. Ninalieleza hili kwa sababu kuna hadithi nyingine inayopendwa mno, kwamba gari hilo ni mkokoteni uliowapeleka wafungwa wa London kutoka gereza la Newgate mpaka kwenye mti wa kunyongea wa Tyburn, na kwamba walisimamishwa njiani wapewe kinywaji cha mwisho, "one for the road". Tyburn ilinyonga watu kwa mara ya mwisho mwaka 1783, na misemo yote miwili haikuonekana katika maandishi mpaka karne ya 20. Hadithi ni tamu, ila si kweli. Na hiyo "moja ya njiani" ina hatari yake ya kweli: tangu mwaka 1967 dereva nchini Uingereza amewekewa kikomo cha miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu, na Scotland ilikishusha mpaka 50 mwezi Desemba 2014.

"Dutch courage", ushujaa wa Kiholanzi, yaani ujasiri unaotoka kwenye chupa, hauhitaji maelezo mengi. Waingereza na Waholanzi walipigana vita vitatu baharini kati ya mwaka 1652 na 1674, na katika uadui huo Waingereza walizoea kumbandika Mholanzi kila kitu walichokidharau. Anayefichwa hapa ni mhusika: woga ni wangu, chupa ni yangu, lakini jina ni la jirani. Vijana wa Dar es Salaam husema mtu anasubiri apate stimu kwanza, na ninaona wao ni wakweli zaidi.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ulibaki na msemo mmoja niliokuwa nimeshindwa kuumaliza, "the sun is over the yardarm", ambao Mwingereza huutamka anapotaka kusema kwamba sasa ni saa halali ya kuanza kunywa. Jua limepita juu ya foromali, yaani boriti inayobeba tanga. Katika meli zao za kale, katika bahari ya Atlantiki ya kaskazini, inaelezwa kwamba hilo lilitokea kama saa tano asubuhi, wakati wa mgawo wa kwanza wa ramu. Nilitaka kujua kama mabaharia wetu nao waliwahi kuisoma saa kwa njia hiyo, nikampigia simu mjomba. Ana miaka zaidi ya themanini sasa, haoni vizuri, na katika maisha yake hajawahi kuonja hata tembo la mnazi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akataka nimweleze foromali ya meli ya Kizungu ilikaaje. Nikamwambia imelala sawasawa, kama mwamba wa goli. Akanyamaza kidogo.

"Basi kwao inawezekana," akasema. "Ya kwetu imesimama mshazari, na ukipindua tanga inahamia upande wa pili. Jua litaipita asubuhi, litaipita adhuhuri, litaipita alasiri. Ungemfuata huyo, mwanangu, ungekunywa kutwa."

Nikamuuliza, sasa nyinyi mlijuaje kwamba wakati umefika?

"Wakati wa nini?"

"Wa kunywa, mjomba."

"Chai?" akauliza. "Chai ikiiva, mpishi anaita."